Boriti Kumi za Ziwa Pelkey

Zamani maji ya Ziwa Pelkey yalishushwa na mtu mmoja kwa mikono yake, kesho yake baada ya siku ya Mtakatifu Fransisko, jua liwake au theluji ianguke. Siku hizi yanashushwa na kitufe kilichoko mjini, siku ambayo wenye boti wamechoka kuchezea maji.

Mtu huyo aliitwa Ambrose Kulas. Kabla yake kazi ilikuwa ya baba yake, Feliks, na kabla ya Feliks haikuwa ya mtu, kwa kuwa hakukuwa na lango. Lango lenyewe halikuwa kitu cha kupigiwa picha. Zilikuwa kuta mbili za zege kwenye mdomo wa ziwa, pale ziwa linapoanza kuwa mto, na katikati ya kuta hizo boriti kumi za mwerezi zilizolala moja juu ya nyingine. Ukiongeza boriti ziwa linapanda, ukitoa linashuka. Kazi hiyo haikutaka shule. Ilitaka mgongo, kulabu mbili za chuma, na mtu anayejua siku.

Siku ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Maji yakiachwa yamejaa wakati wa baridi, barafu huzing'oa gati za watu na kuyasukuma mabanda ya boti mpaka yakapiga magoti. Kwa hiyo lazima maji yashuke kabla ya baridi, kimo cha mtu mpaka kifuani. Lakini katikati ya Oktoba samaki wa ziwani waitwao trauti, ambao mwaka mzima hukaa chini kabisa kwenye giza, hupanda kutaga kwenye mawe ya kina kifupi. Mawe hayo yako sehemu moja tu, upande wa kaskazini, na wenyeji wamepaita Kitanda tangu mababu wao walipofika kutoka Ulaya na mashoka yao. Trauti hachimbi shimo wala hakai kulinda. Anayasugua mawe kwa tumbo na mkia mpaka yang'ae, anaangusha mayai kwenye nyufa, anarudi zake kilindini. Mayai yanakaa humo majira yote ya baridi, chini ya barafu, mpaka theluji iyeyuke. Maji yakishushwa kabla samaki hawajafika, watataga pale watakapoyakuta maji, na mayai yatakuwa salama. Yakishushwa baada ya kutaga, mayai yanabaki hewani.

"Sisi ndio tutangulie," Feliks alizoea kumwambia mwanawe. "Wakifika wakute nyumba imeshapangwa."

Kwa hiyo kila mwaka, Oktoba tano, boriti moja asubuhi na moja jioni, siku tano, imekwisha. Hakukuwa na mkutano wala barua. Hata mapadre walikuja na kuondoka, siku hiyo ikabaki palepale.

Ambrose aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitatu akaenda kukata magogo. Alichojua alijifundisha mwenyewe, jioni, kwenye meza ya jikoni, kwa vitabu vilivyotupwa na shule na kamusi isiyo na jalada. Alinunua kipimajoto. Alianza daftari, na kwa miaka thelathini hakupitisha wiki bila kuandika humo joto la maji, upepo, siku barafu ilipoingia na siku ilipoondoka, siku trauti walipoonekana kwenye Kitanda. Dukani walimwita Profesa wa Boriti. Walimwita hivyo akiwepo, kwa mapenzi, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba kuliona daftari. Mtu anaweza kuishi na dhihaka. Asichoweza ni kujua jambo miaka thelathini bila kupata wa kumwambia.

Ndipo akaja profesa wa kweli. Lorne Whitlaw alikuwa amefundisha historia chuo kikuu, akastaafu, akanunua nyumba kwenye kisiwa kilichoko katikati ya ziwa. Alikuwa mtu wa kiangazi kama wengine wote waliojaa pale kila Juni wakaondoka kila Oktoba, ila huyu alisalimia. Alimwazima Ambrose vitabu. Akaliomba daftari, akalisoma siku mbili, akalirudisha na kusema kwamba kuna watu wana shahada na hawajawahi kufanya kazi kama ile. Ambrose alirudi nyumbani akipiga kasia kama kijana. Hilo analikumbuka vizuri kuliko anavyotaka.

Mwaka huo Fransisko iliangukia Jumapili. Jumamosi yake, Whitlaw akamwita kisiwani kunywa chai kwenye veranda yake.

"Kaa hapa, Ambrose. Hicho kiti acha, kina mguu mbovu. Hicho tunamwekea kaka wa mke wangu."

Ambrose akacheka, akakaa. Kulikuwa na joto la ajabu. Miti ya ng'ambo ilikuwa imegeuka myekundu yote kwa pamoja na hakuna jani lililotikisika.

"Umesikia binti yetu Maren anaolewa," Whitlaw alisema.

"Nimesikia. Jumamosi ijayo. Hongereni."

"Wageni sitini, na wote wanakuja kwa boti. Sasa ukianza kutoa boriti keshokutwa, mpaka Jumamosi pale kwenye mlango wa ghuba yangu patakuwa tope tupu. Bibi harusi atashuka na gauni lake atembee kwenye matope kama bata."

"Ni kweli. Boti hazitapita."

"Sikuombi kama jirani. Nakuuliza kama mtu anayelijua ziwa hili kuliko yeyote." Whitlaw aliweka kikombe chini. "Wiki moja. Sikukuu ya Shukrani ya Jumatatu ile ipite, Jumanne uanze. Kuna madhara?"

Ambrose alikuwa amekuja na daftari, kama kawaida yake akienda kisiwani. Akalifungua juu ya magoti. Alionyesha kwamba trauti husubiri maji yapoe, kwamba miaka mingi wametaga yakiwa nyuzi kumi au pungufu, na kwamba asubuhi ile yalikuwa kumi na sita. Alieleza vizuri, na Whitlaw alisikiliza ameinama mbele, jinsi mtu anavyomsikiliza mwenzake wa chuo. Kulikuwa na ukurasa mmoja, wa mwaka 1963, ambapo aliandika kwa mkono wake kwamba samaki walifika Oktoba kumi na moja maji yakiwa bado na nyuzi kumi na nne. Alipofika hapo, kidole gumba kilibeba kurasa mbili kwa pamoja.

"Hakuna madhara," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nyumbani, mkewe Verna alikuwa anamenya viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo Fransisko amehamishwa."

"Ni wiki moja, Verna."

"Baba yako hakumhamisha hata mwaka ule alipovunjika mbavu."

"Baba hakuwa na kipimajoto."

"Hakuwa nacho. Na samaki walikuwepo." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Mimi sisemi kitu. Harusi tumealikwa?"

"Tumealikwa. Tutakaa meza ya mbele."

"Aha," alisema Verna, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake ya kwanza.

Wiki ile haijapata kutokea tena. Mawingu yalikuwa yamekwenda nchi nyingine. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya maji kidogo tu, kisha ukainuka na kuacha kila kitu kimeoshwa. Watu walianika mashuka nje Oktoba nane. Nyuki walizunguka matufaha yaliyooza chini ya miti. Wazee waliokuwa wamekwisha kufunga madirisha kwa ajili ya baridi waliyafungua, wakakaa nje na mashati tu, bila makoti, wakitazamana kama watu waliosamehewa. Ziwa lilijaa mpaka ukingoni, limetulia, na boti za kiangazi ambazo kwa kawaida zingekuwa zimekwisha kupandishwa nchi kavu zilipita huku na huko. Watu walimsimamisha Ambrose barabarani kumshukuru, kana kwamba hata jua alikuwa ameliacha yeye. Na yeye aliinua kofia.

Mtu mmoja hakushukuru. Hattie Burchat alikuwa mjane wa miaka sabini na minane, mvuvi tangu utoto, aliyekuwa akimjua Feliks Kulas na kila boriti aliyoichonga. Jumatano alimkuta Ambrose dukani kwenye foleni.

"We mtoto wa Feliks, nasikia siku hizi trauti wanangoja harusi."

Mwenye duka akacheka. Ambrose akasema kwa sauti ya mtu anayefundisha, "Nimepima, mama. Maji bado yana joto."

"Umepima nini, kiuno cha bibi harusi?"

Wote wakacheka. Naye akatabasamu pamoja nao, kwa sababu kulikuwa na watu wa kiangazi wawili nyuma yake na hakutaka waone amekasirika. Hattie hakutabasamu. Alichukua unga wake na chumvi yake, na mlangoni akageuka.

"Hawana kipimajoto wale, Ambrose. Wana siku zao. Wewe ulikuwa unajua."

Harusi ilikuwa nzuri. Kwa nini isiwe? Boti zilipita zimefungwa maua. Maren alishuka gatini na viatu vikavu. Ambrose alikaa meza ya mbele na suti aliyovaa siku ya kumzika baba yake, kati ya daktari na mwanamke aliyeandika katika magazeti, na mwanamke huyo alimwuliza kuhusu barafu na akasubiri jibu mpaka mwisho. Whitlaw alisimama akanyanyua glasi kwa wazazi, kwa maharusi, kisha kwa "rafiki yangu Ambrose, mtunza ziwa letu, ambaye bila yeye tungekuwa tumekaa kwenye tope." Wakapiga makofi. Verna aliangalia sahani yake. Ambrose aliona masikio yake yanawaka, na kusema kweli ilikuwa furaha. Mtu akikaa miaka hamsini na minane bila kupigiwa makofi hawezi kujua mapema yatamfanya nini.

Jumatatu, Sikukuu ya Shukrani, wakati watu bado wanakula bata mzinga, upepo uligeuka ukatoka kaskazini. Usiku kucha ulivuma. Jumanne asubuhi Ambrose alitoa boriti ya kwanza, na jioni akatoa ya pili. Alikuwa amepanga kwenda harakaharaka ili afidie, mbili kila mara, lakini mgongo ulikataa.

Jumatano, kabla hajaenda kutoa ya tatu, aliingia kwenye mtumbwi akaenda Kitanda. Alijiambia anakwenda kupima joto. Maji yalikuwa nyuzi kumi na mbili. Upepo ulikuwa umekufa na ziwa lilikuwa kama kioo, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia: aliona kila kitu. Mawe yaliyokuwa na utelezi wa kijani wiki iliyopita yalikuwa meupe, yamesuguliwa, eneo kubwa kama uwanja wa kanisa. Trauti wenyewe walikuwepo, kumi, ishirini, akaacha kuhesabu, wamekaa juu ya mawe kwa mpangilio, mapezi yao yana ukingo mweupe, wanatetemeka kidogo na kutulia. Na katika nyufa, karibu sana na uso wa maji kiasi kwamba angeweza kuyafikia kwa mkono, mayai. Yalikuwa na ukubwa wa njegere na rangi ya machungwa yaliyopauka. Yalikuwa mengi mno.

Alitumbukiza kasia. Maji hayakufika hata nusu yake, na boriti nane zilikuwa bado hazijatolewa.

Alisikia kasia jingine. Hattie alikuwa amekaa kwenye boti yake ndogo mbali kidogo, amejifunga skafu, na ilionekana amekuwa pale muda mrefu.

"Tangu Jumapili," alisema. "Walianza Jumapili jioni, wakati ninyi mmelala na vichwa vya harusi."

Ambrose alilitoa kasia majini, akalilaza magotini.

"Ziache zilizobaki," alisema Hattie. "Umetoa mbili. Ukiacha hapo, mengi yatapona."

"Barafu itachukua gati zote, mama. Na mabanda. La Whitlaw litakuwa la kwanza."

"Gati hazitagi."

"Nitawaambia nini watu?"

"Waambie umekosea."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayemwambia mwingine amevaa shati kinyume. Na hilo ndilo lilikuwa jambo lote. Ambrose aliliona palepale, alilizungusha kichwani, akaona halina upande mwingine. Akisimamisha boriti ni lazima aseme kwa nini. Akisema kwa nini, Whitlaw atauliza juu ya zile nyuzi joto, na daftari litafunguliwa, na ukurasa wa 1963 upo. Watu wangevunjikiwa gati. Gati hujengwa tena Mei, kila mtu anajua. Yeye angepoteza kiti kwenye veranda ile.

"Nitafikiri," alisema.

"Fikiri, mwanangu. Wao hawana haraka, mayai hayo hayaendi popote."

Alipiga kasia moja kwa moja mpaka langoni. Alichukua kulabu. Alisimama na kulabu hizo kwa muda wa kuvuta sigara mbili, ijapokuwa alikuwa ameacha sigara, kisha akazitumbukiza na kutoa boriti ya tatu. Jioni akatoa ya nne. Alhamisi mbili, Ijumaa mbili, Jumamosi mbili. Kila moja ilitoka kwa sauti ileile, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, na maji yaliyojaa nyuma yake yakaingia mtoni. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyekuwa akimtazama hata. Watu wa kiangazi walikuwa wamefunga nyumba zao na kuondoka, na Whitlaw mwenyewe alipita langoni na gari lake Alhamisi, akashusha kioo, akamwachia kasha la vitabu.

"Umetufanyia jambo kubwa, Ambrose. Samaki hawajambo?"

"Hawajambo," alisema Ambrose.

Katika daftari wiki ile iko mistari miwili. Maji yameshushwa. Hali nzuri.

Jumapili, baada ya misa, hakwenda nyumbani na Verna. Alipita njia ya juu, kwenye misonobari, mpaka mahali ambapo mtu anaweza kuona Kitanda bila kuonekana. Kilikuwa nje. Mawe yote yamekauka, yamekuwa ya kijivu, na kunguru na shakwe walikuwa wameshuka juu yake kama kwenye shamba lililopandwa jana. Katikati yao alikuwa Hattie. Alikuwa bado na nguo za kanisani, amepandisha sketi na kuifunga kiunoni, amevaa mabuti ya mumewe. Alikuwa na ndoo ya kukamulia maziwa na kijiko. Anapiga magoti, anachokoa mayai kwenye ufa, anayatia ndooni, anainuka kwa kushika goti, anatembea mpaka majini, anaingia mpaka mapajani, anainamisha ndoo polepole. Anarudi. Ndege wanampisha kidogo na kumfuata.

Ilikuwa kazi ya kipuuzi. Mayai ya namna ile yakishaguswa mengi hufa, na yale yasiyofika kwenye ufa huliwa. Hattie alilijua hilo kuliko yeye. Ambrose alisimama nyuma ya mti saa nzima. Mara mbili aliweka mguu mbele. Lakini barabara ya chini ilikuwa na watu wanaotoka kanisani, wangemwona akiwa amepiga magoti pale na suti, na wangeuliza. Mama wa miaka sabini na minane alikwenda majini mara kumi na moja. Alizihesabu. Halafu baridi ikamshika, akakaa juu ya jiwe akavua buti moja akamwaga maji, na Ambrose akarudi nyumbani kula.

"Umechelewa," alisema Verna. "Supu imepoa."

"Nilikuwa natembea."

Verna alimtazama viatu vyake, vilivyokuwa vikavu. "Basi kula," alisema.

Usiku wa Jumatatu jalidi, umande wa barafu, ilianguka, ikayaua mayai yaliyobaki.

Mwaka mmoja ziwa linaweza kuvumilia. Trauti huishi miaka mingi, na watoto wa mwaka mmoja wakikosekana kuna wa mwaka mwingine. Laiti ingekuwa mwaka mmoja. Julai iliyofuata Chama cha Ziwa kilikutana katika ukumbi wa kanisa, watu wa kiangazi viti vya mbele na wenyeji wamesimama nyuma karibu na mlango, na mtu mmoja akapendekeza kwamba kwa kuwa mwaka jana mambo yalikwenda vizuri, maji yawe yanashushwa baada ya Sikukuu ya Shukrani kila mwaka. Wiki moja zaidi ya boti. Wiki ile, walisema, wiki ile nzuri. Kila mtu aliikumbuka.

"Ambrose yuko hapa," alisema Whitlaw. "Yeye ndiye mtaalamu. Mwaka jana alitupa ushauri wake na hakukuwa na madhara. Au siyo, Ambrose?"

Watu wakageuza shingo. Hattie alikuwa amesimama chini ya dirisha, amekunja mikono. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyo karibu kuchemka.

Ambrose alisafisha koo. Alikuwa amelijua swali hilo tangu Oktoba na alikuwa na jibu lake, lote, lenye tarehe na nyuzi, angeweza kulisema usingizini. Alisema, "Inategemea na mwaka."

"Lakini mwaka jana?"

"Mwaka jana hakukuwa na malalamiko."

"Haya basi," alisema Whitlaw, na mikono ikanyanyuliwa.

Hattie alipita mbele yake kuelekea mlangoni. Hakusimama. "Baba yako alikuwa hajui kusoma," alisema, kwa sauti ya chini, bila kumtania safari hii.

Tangu hapo ikawa desturi. Hivyo ndivyo desturi zinavyozaliwa siku hizi, kwa mikono iliyonyanyuliwa na watu wanaotaka kuwahi chakula. Ambrose alizitoa boriti zile kwa miaka kumi na miwili mingine, kila mwaka baada ya Shukrani, kila mwaka akijua. Aliandika barua tatu kwa Chama na hakuzipeleka. Hattie alifariki mwaka wa nne. Ambrose alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, kwa kuwa aliombwa, na hakuwa na sababu ya kukataa ambayo angeweza kuisema. Whitlaw alizeeka, akauza kisiwa kwa mtu ambaye jina lake hakuna anayelijua, mwenye boti yenye muziki. Verna alimwuliza mara moja tu, wakiwa wanakunja mashuka, kama siku ile ya harusi alikuwa na hakika kweli. Alimjibu kwamba alikuwa na hakika. Verna alikunja pembe yake akampa, wala hakuuliza tena mpaka alipokufa.

Kisha wakaja mafundi wakang'oa boriti za mwerezi na kuweka lango la chuma lenye mota. Walimpa cheti. Sasa maji hushuka kwa siku moja badala ya tano, mtu akibonyeza kitufe mjini, mtu ambaye pengine hajawahi kuliona ziwa lenyewe. Vijana wa huku wakisikia neno Kitanda hudhani unazungumzia duka la fanicha. Trauti wanaoliwa hotelini huja kwa lori, wamefugwa, nyama yao laini kama sabuni. Watu wa kiangazi wanasema samaki wameisha kwa sababu ya joto la dunia, na Ambrose akisikia hivyo hukaa kimya, kwa sababu ni uongo unaomfaa, na amekwisha kula vya kutosha kutoka kwenye sahani hiyo.

Kila Oktoba aliendelea kwenda Kitanda kuwatazama. Mwaka mmoja aliona kumi na wawili. Mwaka mwingine saba. Miaka miwili mfululizo hakuona kitu, akafikiri ni macho.

Mara ya mwisho aliyowaona alikuwa na miaka sabini na mitatu. Ilikuwa siku moja kabla ya Shukrani, asubuhi, hakuna upepo, joto kama la Agosti, na boti ya muziki ilikuwa bado haijaamka. Alilala kifudifudi mtumbwini, kidevu ukingoni, kwa kuwa shingo haikuinama tena kama zamani. Walikuwa watatu. Wawili walikuwa madume, wembamba, wanatangulia na kurudi. Jike lilikuwa kubwa na zee, na tumbo lilikuwa limejaa. Maji yalikuwa juu, mazito, mazuri, na chini yake mawe machache, siyo zaidi ya meza moja ya kulia chakula, yalikuwa yamekwisha kusuguliwa meupe. Alijaribu kuwafukuza. Alipiga maji kwa kasia, akapiga tena, akapiga kelele kama mtu anayefukuza kuku, mzee peke yake katikati ya ziwa, ili waende kwenye kina, watage mahali popote pengine. Walitawanyika. Alingoja, mkono umelowa mpaka begani. Baada ya muda jike lilirudi kwanza, polepole, likapita chini ya mtumbwi, likakaa palepale juu ya mawe, na wale wawili wakaja wakasimama pande zake.

Aliwatazama mpaka macho yakaanza kumwuma kwa mng'ao wa jua, kisha akageuza mtumbwi, na alipoangalia nyuma uso wa maji ulikuwa na nuru tu na hawakuonekana.